Mizizi Isiyogusa Mhimili

Wapo wasemao kwamba mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa hisabati hawana la kuambiana. Hapa Kampala kauli hiyo yapata nguvu, kwa kuwa hisabati ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, ingawa Katiba ya Uganda iliifanya lugha yetu kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Mimi nasadiki kinyume chake, tangu jirani yangu, mwalimu wa hisabati, aliponiita niwasaidie wanafunzi wake wawili waliohamia kutoka Goma. Kiingereza chao kilikuwa kichanga. Kiswahili chao kilikuwa kamili. Alitaka kuwaonesha grafu kwa GeoGebra, programu isiyolipiwa ambayo Markus Hohenwarter aliianzisha huko Salzburg mwaka 2001.

Polinomia yenyewe ni fupi: x² − 4x + 3. Grafu yake ni mfano wa bonde, kama lile la Kitante lililolala kati ya Nakasero na Kololo, nayo huukata mhimili wa mlalo penye 1 na penye 3. Hiyo ndiyo mizizi yake. Kisha mwalimu akaiongeza ile namba ya mwisho polepole, kwa kusukuma kitufe kinachoteleza kwenye kioo. Bonde likapanda, mizizi ikasogeleana, na namba ilipofika 4 ikakutana penye 2. Ilipopita 4, bonde likaelea juu ya mhimili bila kuugusa.

“Jibu limepotea, mwalimu,” akasema mkubwa wao.

Halikupotea. Kando ya grafu ile palikuwa na uwanja wa pili, ambamo namba halisi hulala na mafungu ya i husimama wima. Nayo i ni namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe huleta −1. Humo vitone viwili vilivyokutana penye 2 viliachana tena, kimoja kikipanda, kingine kikishuka. Namba ya mwisho ilipokuwa 5, vilikuwa penye 2 + i na 2 − i. Ilipokuwa 8, penye 2 + 2i na 2 − 2i. Ubao wa chaki hauwezi mwendo huo. Lakini sababu yaonekana hata kwa penseli: lipindue bonde la 5 penye kitako chake liwe kilima, nalo litakata mhimili penye 1 na 3, vizungushe vitone hivyo robo duara kuizunguka 2, utafika pale pale.

Ndipo nikatakiwa kutoa majina. Descartes, mwaka 1637, aliita mizizi ya namna hii ya kuwazika tu, na vijana, waliosoma kwa Kifaransa, walikwisha kuelewa kwamba ni namba za uongo. Nikawapa “namba changamano”. Naliona neno hili lina haki zaidi: lataja sehemu mbili zilizoungana, wala halisemi kwamba kitu hakipo. (Nikawaonya pia wasichanganye kipeo na kipeuo, kosa ambalo hata sisi walimu twalifanya.)

Grafu nzima ya polinomia changamano ingehitaji mihimili minne, kwa hiyo programu nyingine hukimbilia rangi. Hayo tuliyaacha. Yule mkubwa alifuta “hakuna jibu” daftarini, akaandika “hakuna jibu katika namba halisi”, kisha chini yake akaiandika sentensi ileile kwa Kiingereza, kwa ajili ya mtihani.