Rumonge: Darasa la Mawe Kando ya Ziwa

Msafiri atokaye Bujumbura kwenda kusini hufuata barabara iliyobanwa kati ya ziwa na milima. Mwendo wa kilomita kama 10 hivi, pale Mugere, hulikuta jiwe lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Wageni husimama wakapiga picha. Mwanafunzi wa jiolojia huulizwa swali jingine: jiwe hili ni la aina gani, nalo limefikaje hapa?

Rumonge iko mbele zaidi, kilomita zipatazo 70 kutoka Bujumbura. Ni mji wa michikichi, mukeke na ndagala, na Kiswahili husikika sokoni pamoja na Kirundi. Nyuma yake ardhi hupanda ghafla kuelekea Mumirwa, kwa maana hapa ndipo Bonde la Ufa lilipoipasua nchi na kulifanya Ziwa Tanganyika kuwa na kina kinachofikia meta 1,470. Karibu na mji, huko Mugara, maji ya moto hutoka ardhini, na watu huenda kuoga.

Mwanafunzi aletwaye katika nchi ya namna hii hapimwi kwa karatasi ya maswali peke yake. Hupewa nyundo, dira na daftari, akatakiwa kuuchora mpasuko huo katika ramani. Kosa la kawaida la mwanagenzi ni kupima mwamba ulioporomoka kutoka mlimani, akidhani umekaa mahali pake pa asili. Akipewa alama 9 juu ya 20 miezi mitatu baadaye, hatajua alipokosea. Lakini akirudishwa siku ile ile penye jiwe lenyewe, akaambiwa achimbue pembeni aone udongo uliolala chini yake, hasahau tena. Askari aliyepata kusahihishwa ramani yake porini, wala si ofisini, anaijua vema tofauti hiyo.

Huko Kigoma, katika ufuo huo huo wa mashariki, Chuo Kikuu cha Arizona kilianza mwaka 1998 mafunzo yaliyoitwa Nyanza Project. Vijana wa Kiafrika na wa Kimarekani walifanya utafiti ziwani, kisha wakaandika ripoti zao.

Usahihi huo una faida kwa mwenye nyumba ufuoni. Katika miaka ya 1870 ziwa lilijaa kupita lilivyo sasa, mpaka mto Lukuga upande wa Kongo ulipozibuka mwaka 1878 na maji yakaanza kushuka. Mwaka 2024 maji yalipanda tena, yakaingia majumbani Gatumba na Rumonge. Kokoto za mviringo na makombe yaliyo juu ya ufuo wa leo ndiyo huonyesha mahali maji yalipofika zamani. Mwanafunzi akiuchora mstari huo meta mbili chini ya pale unapostahili, mtu aweza kujenga penye njia ya maji. Kwa hiyo mwalimu mwema humrudisha akapime mara ya pili, hata kama jua limekwisha kuinamia milima ya Kongo.