Dada wa Chuo

Mwaka 1982 nilikuwa darasa la sita pale Mpwapwa, na dawati la watu wawili tulilikalia wanne. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata Azimio la Musoma likaagiza kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo Novemba 1977. Sisi ndio tulioandikishwa kwa azimio lile. Tuliingia tukiwa wengi kuliko madawati, vitabu na walimu. Mwalimu wetu alikuwa mtu mwema aliyeijua kazi yake, ila darasa lilimzidi nguvu. Akimaliza kusahihisha safu mbili za mbele, kengele imeshalia.

Nchi nayo ilikuwa kwenye hali ngumu baada ya Vita vya Kagera. Sabuni na sukari vilikuwa vya foleni, na mafuta ya taa yakipatikana, mama aliyatunza kwa ajili ya mgonjwa au mgeni. Kusoma usiku kwetu hakukuwapo. Ulichoshindwa kukielewa shuleni mchana kilikupita moja kwa moja.

Mpwapwa kuna chuo cha ualimu cha tangu enzi za Waingereza. Wanachuo walitoka kila upande wa nchi, wakishuka kwa treni stesheni ya Gulwe na masanduku yao ya bati. Tulikuwa tumewazoea kwa mazoezi ya kufundisha: mwanachuo mbele na andalio lake la somo, mkufunzi nyuma na kalamu. Mwaka ule mwalimu mkuu wetu na mkufunzi mmoja walipatana jambo jingine. Wanachuo waliopenda wangekuja alasiri, baada ya kazi za mikono, kila mmoja apewe watoto watatu au wanne, na awe nao hao hao mwaka mzima. Posho haikuwapo.

Mimi na wenzangu wawili tulipewa binti aliyetoka Bukoba. Tulipomwamkia, “Shikamoo mwalimu,” alisema tumwite dada tu.

Mimi sikujua kugawanya. Mwalimu alikuwa ameshafundisha, na darasa zima lilipoitikia “Ndiyo!” nami niliitikia. Dada aliligundua hilo siku ya kwanza, kwa kuangalia daftari langu akiwa amenyamaza. Alasiri iliyofuata alikuja na karanga kwenye kitambaa, akazimwaga chini ya mkwaju, tukazihesabu: 47. Akaniambia, “Zipange sita sita.” Nikapata mafungu saba, na karanga tano zikabaki peke yake. Akauliza, “Hizi tano tuzifanyeje?” Mwenzangu mmoja akajibu, “Tuzile.” Dada alicheka, akamwacha azile, kisha akaandika mchangani kwa kijiti: 47 gawanya kwa 6, jibu ni 7, baki 5. Halafu akafuta, akaketi, akasema, “Haya, sasa mnifundishe mimi.” Tukamfundisha. Akijifanya haelewi, tunarudia kwa maneno mengine, mpaka mimi mwenyewe nikajisikia nasema kitu ninachokijua.

Nimekuwa mwalimu kwa miaka mingi tangu hapo, na bado nadhani siri ilikuwa pale. Mwalimu wa darasa alikuwa rika la baba yangu, tena ana fimbo mezani. Kumuuliza swali ilikuwa kujitangaza kwamba hukusikiliza. Dada alitupita kwa miaka michache tu. Alikumbuka alikokwamia, kwa sababu alikuwa ametoka kukwama juzijuzi. Siku moja alituonyesha zoezi lake mwenyewe kutoka chuoni, limejaa wino mwekundu, akatueleza alipokosea na alivyosahihisha. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtu wa chuo hukosa. Mpaka hapo nilidhani kukosa ni alama ya watu kama mimi.

Kiangazi kilipokaza, nilianza kutohudhuria. Visima vilikauka, na sisi wasichana tulishinda korongoni tukichimba maji mchangani. Dada hakutuma salamu kwa watoto wenzangu, alikuja nyumbani.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Karibu kigoda.”

“Baba, nimekuja kumwombea mdogo wangu. Jumanne na Alhamisi, akishateka maji, aje shuleni. Nitamleta mwenyewe kabla ya giza.”

Baba alikaa kimya, akamtazama vizuri. Aliona msichana, tena wa watu wa mbali, anasomea kazi ya serikali na ana adabu zake. Akasema, “Mchukue.” Naamini macho yalimshawishi kuliko maneno. Tangu siku ile hakunizuia tena.

Kundi la jirani lilikuwa na kaka wa Kigoma. Wiki za kwanza alikuwa na haya mno, sauti yake haikufika mbali. Watoto wakaanza kumfundisha Kigogo, naye akawa anawaamkia “Mbukwenyi!” huku wakimsahihisha matamshi. Alipokuja kwa mazoezi ya kufundisha mwaka uliofuata, alisimama mbele ya darasa zima bila kutetemeka. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba wanachuo walipoteza muda wao kwa hisani.

Si makundi yote yaliyokwenda vizuri. Mwanachuo mmoja alianza kwa bidii, akaahidi mengi, na kabla ya muhula kwisha akaacha kuja bila kuaga. Watoto wake waliendelea kumngoja, kisha wakasema ameona ni wajinga. Wawili hawakutaka tena kusaidiwa na mtu yeyote. Mtoto aliyeachwa njiani huumia kuliko yule ambaye hakuchukuliwa kabisa.

Tulifanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1983. Nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache sana, na kati yetu watatu nilichaguliwa mimi peke yangu. Yule mla karanga hakuchaguliwa. Baadaye alishika hesabu za duka la ushirika la kijiji, na wazee walimwamini. Kwangu, yeye naye ni matunda ya alasiri zile.

Januari 2016 ulianza mpango wa elimu bila ada, kuanzia shule za msingi hadi kidato cha nne, na madarasa yamefurika kama yetu. Vyuo navyo vimeongezeka. Dodoma pekee, chuo kikuu kilichoanza mwaka 2007 kina maelfu ya vijana. Walimu wakuu mlio jirani na vyuo, msingoje waraka. Nendeni mkaonane na wakuu wa vyuo, ombeni vijana wachache walio tayari kudumu na watoto wale wale kuanzia Januari hadi Novemba, na muwakabidhi kwanza wale wasiojua kusoma.