Ameondolewa

Mwaka 2007 nilimtia alama mtoto wa kike wa miaka 12 kwenye kisanduku kilichoandikwa "ameondolewa", na alama ile ilikuwa ya uongo. Siku nilipoitia nilikuwa nimedanganywa, hilo ni kweli. Lakini kabla ripoti haijafungwa nilikuwa nimeshaujua ukweli, nikauacha uongo ukae. Hayo ndiyo ninayoyaungama hapa.

Nilikuwa mkusanya takwimu wa mradi uliolipiwa kutoka nje, katika wilaya ya Ilala. Mradi sitautaja, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Siku zile kazi hiyo ilikuwa na heshima yake. Juni 2001 Rais Benjamin Mkapa alikuwa Geneva, kwenye mkutano wa Shirika la Kazi Duniani, wakati Tanzania, Nepal na El Salvador zilipotangazwa kuwa nchi za kwanza kuanza mpango wa muda maalumu wa kukomesha aina mbaya kabisa za utumikishwaji wa watoto. Septemba mwaka huohuo tukaridhia Mkataba Namba 182 wa shirika hilo, unaokataza aina hizo. Kwetu macho yalielekezwa kwenye mashamba ya biashara, migodi, ukahaba na kazi za ndani. Miradi ya aina hiyo ilimhesabu mtoto kwa njia mbili: ama ameondolewa kazini, ama amezuiwa asiingie. Mimi nilipewa kazi za ndani, Kariakoo.

Watu wakisikia Kariakoo huwaza watoto wa barabarani, wale waliokuwa wakipita Mtaa wa Kongo na mifuko ya rambo, au na mayai ya kuchemsha na kachumbari kwenye ndoo. Hao unawaona. Wa kwangu walikuwa ghorofani. Maduka yako chini, na juu yake familia zinaishi. Mlango ukifungwa, anayejua nani anafua ndani ni wenye nyumba na Mungu.

Yule mtoto nilimkuta kwenye ngazi za jengo moja la Mtaa wa Narung'ombe. Pampu ilikuwa mbovu, kwa hiyo maji yalipandishwa kwa ndoo hadi ghorofa ya tatu. Alikuwa ametua ndoo kwenye kona ya ghorofa ya pili, anaikunja upya ngata yake, kipande cha kitenge kilichokwisha rangi. "Shikamoo dada," akasema, kisha akasogea ukutani ili nipite. Vidole vilikuwa vimekunjamana kwa sabuni, na kwenye ncha za viwili ngozi ilikuwa imechubuka. Nikamuuliza jina, nikaandika. Umri, nikaandika. Ametoka wapi? "Singida." Fomu ilikuwa na mstari mmoja wa mkoa, na neno hilo liliujaza. Kijiji sikuuliza. Jina la mama yake sikuuliza. Ingenichukua nusu dakika.

Mwenye nyumba alinipokea vizuri, akanikalisha, akaniambia maneno ambayo kila aliyefanya kazi hii ameyasikia: "Huyu ni mtoto wa ndugu yangu, dada. Nimemchukua nimsomeshe." Nikamuuliza anasoma shule gani. Akasema wanangoja uhamisho. Hapo nikajisikia nina nguvu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, iliyopitishwa mwaka 2004, ilikuwa imeanza kutumika, nami nilikuwa na nakala kwenye mkoba. Nikamsomea kifungu kinachokataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, nikamweleza habari ya faini na kifungo, nikamwambia nitarudi wiki ijayo na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Yote hayo niliyasema mtoto akiwa anamenya vitunguu hatua nne kutoka tulipokaa. Sikumgeukia hata mara moja.

Wiki iliyofuata nikarudi. Hayupo. "Nimemrudisha kwao," mwenye nyumba akasema. "Nimempakia basi Ubungo, mwenyewe." Sikuuliza basi gani, wala nani atampokea. Nikashukuru, nikashuka ngazi, nikatia alama. Nilikuwa na alama kumi na saba za namna hiyo mwezi ule, na nilizionea fahari.

Chini ya jengo lile alikuwapo mama ntilie mmoja, na baada ya kama wiki tano nilikaa kwake kunywa chai. Akaniangalia sana. "Wewe si yule dada wa makaratasi?" Nikasema ndiye. Akatua kijiko. Akaniambia jioni ya siku ileile niliyosoma sheria, binti aliteremshwa na mfuko wa rambo wenye nguo zake. Hapakuwa na Ubungo wala basi. Alikaa kwenye benchi lake mpaka sufuria zikaoshwa. "Nikamwambia mwanangu, nikupeleke kwa mwenyekiti? Akasema hapana, yule dada ameandika jina langu, atarudi." Alipofunga ndipo akapita mwanamke ambaye yeye hakumfahamu, akasema anahitaji msichana wa kazi, wakaondoka pamoja kuelekea Msimbazi.

Chai sikuimaliza.

Nilichopaswa kufanya kilikuwa wazi: kwenda polisi, ustawi wa jamii, kwa mwenyekiti, na kuifuta ile alama. Kwa mwenyekiti nilikwenda. Aliniuliza kijiji, jina la baba, jina la mama. Nikafungua daftari. Singida. Akaniangalia kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko ambavyo karipio lingeniuma. Polisi sikwenda, kwa kuwa ningetakiwa kueleza aliondokaje pale ndani. Ripoti ilikuwa na siku tisa kabla ya kufungwa. Nilijua nikiifuta alama moja nitaulizwa habari za zile kumi na sita, na hata moja kati ya hizo sikuwa nimeifuatilia hadi mtoto alikofika. Nikanyamaza. Alama ikapanda kutoka daftari langu hadi kwenye jedwali, na jedwali likasafiri.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Bangladesh, nikaiona hatia yangu ikiwa kubwa kama nchi. Mwaka 1992 seneta Tom Harkin wa Marekani alipeleka muswada wa kuzuia bidhaa zilizotengenezwa na watoto. Muswada haukupita kuwa sheria, lakini wenye viwanda vya nguo waliingiwa na hofu wakawafukuza watoto kwa maelfu. UNICEF baadaye ilieleza kwamba wapo walioishia kuponda mawe na kufanya ukahaba. Mwaka 1995 ndipo wenye viwanda, UNICEF na Shirika la Kazi Duniani walipokubaliana kwamba mtoto asitolewe kiwandani kabla hajawa na pa kusoma, na familia yake ipewe posho kidogo. Makubaliano hayo yalikuwapo miaka kumi na miwili kabla sijapanda ngazi za Narung'ombe. Sikuyajua, na sikutafuta kuyajua.

Sisemi juhudi za kimataifa ni bure. Dunia ilikadiriwa kuwa na watoto wapatao milioni 246 katika utumikishwaji mwaka 2000; mwaka 2024 walikadiriwa kuwa milioni 138. Hao waliopungua ni watoto kweli. Hapa kwetu, ada ya shule ya msingi ilipofutwa mwaka 2001, madarasa yalifurika hadi watoto wakakaa sakafuni, na naamini uamuzi ule uliwatoa wengi kazini kuliko sisi wa mikoba na fomu. Hata hivyo utafiti wa taifa wa mwaka 2014 ulikuta watoto milioni 4.2 bado wanatumikishwa nchini, wengi wao mashambani, na milioni 3.2 kati yao wakiwa kwenye kazi za hatari. Lengo la dunia la kuumaliza utumikishwaji wa watoto lilikuwa mwaka 2025, nao umefika bila kuumaliza. Nikisoma takwimu hizi huwa najiuliza yule binti angehesabiwa wapi. Utafiti huuliza kaya, na kaya hujibu kama nilivyojibiwa mimi: mtoto wa ndugu yangu.

Bado naitwa kwenye tathmini. Siku hizi nauliza kijiji, kitongoji, shule ya karibu, jina la mama na jina la mtu mwenye simu, kabla sijauliza umri. Simwambii mwajiri neno la sheria kabla sijajua mtoto atalala wapi usiku huo. Kuna wakuu wanaolalamika kwamba nachelewesha kazi, na siwalaumu, maana fomu zao zinangoja.

Nimerudi Narung'ombe mara kadhaa. Jengo lipo. Benchi la mama ntilie halipo. Oktoba 2021, wafanyabiashara wadogo walipoondolewa barabarani, naye alikwenda na wenzake, na pale hakuna aliyeweza kuniambia alikohamia. Ndiye pekee aliyemwona uso yule mwanamke. Daftari ninalo. Ukurasa wake una jina, umri, na neno moja la mkoa.