Taa ya Upepo Isiyozimika

Motokaa nyingi za siku hizi zina taa ndogo ya manjano mbele ya dereva, ambayo sura yake ni kama tairi lililokatwa katikati, na ndani yake mna alama ya mshangao. Taa hiyo ikiwaka, maana yake upepo wa tairi moja au zaidi umepungua. Ikizimika baada ya kujaza upepo, hakuna neno. Lakini katika motokaa zilizokwisha kuzeeka mara nyingi taa hii huwaka siku zote, hata matairi yakijazwa sawasawa. Naye dereva akiisha kuizoea huiita mwongo, asiitazame tena. Juu ya taa ya namna hiyo twataka kusema maneno machache, kwa kuwa motokaa zinunuliwazo na shule zetu, na vyama vyetu, na jamaa zetu wachukuao abiria, nyingi ni zile zilizokwisha kutumika kwingine.

Kwanza yafaa kujua asili ya taa yenyewe. Mwaka 2000 kulikuwa na habari ya huzuni huko Marekani. Matairi ya Firestone, ambayo mengi yalifungwa katika motokaa za Ford Explorer, yalikuwa yakibambuka ngozi ya juu katika mwendo wa kasi, na motokaa zikapinduka. Watu zaidi ya 200 walikufa, na mwezi wa Agosti mwaka huo kampuni iliyatangaza matairi yapatayo milioni 6 na nusu yarudishwe. Matairi yale yalikuwa na kasoro zake, lakini upungufu wa upepo uliuzidisha ubaya. Maana tairi lenye upepo kidogo hulala ubavu, likajikunja na kujikunjua kila lizungukapo, hata likashika moto mwingi. Na moto huo ndio uachanishao mpira na nyuzi zilizomo ndani yake. Mwaka ule ule Marekani ikatunga sheria, na kwa sheria hiyo, tangu Septemba 2007 kila motokaa ndogo mpya iuzwayo huko sharti iwe na chombo cha kumwonya dereva. Nchi za Ulaya zikafuata, na tangu Novemba 2014 motokaa zote mpya za abiria zinazouzwa huko zina chombo hicho. Basi taa hii si pambo, wala haikuwekwa kwa kumsumbua dereva. Imetoka katika vifo vya watu.

Vyombo hivyo ni vya namna mbili. Namna ya kwanza ina kifaa kidogo ndani ya kila gurudumu, kilichoshikamana na valvu, nacho huitwa kihisi. Kihisi kina beteri yake na redio yake ndogo. Hupima upepo na kupeleka habari kwa kompyuta ya motokaa. Namna ya pili haina kihisi ndani ya tairi. Yenyewe huhesabu mizunguko ya magurudumu kwa vifaa vya breki, kwa sababu tairi lililolegea huwa dogo kidogo, nalo huzunguka upesi kuliko wenzake. Namna hii ya pili haijui kiasi cha upepo hata kidogo. Yajua tu kulinganisha. Kwa hiyo matairi yakiisha kujazwa au kubadilishwa, sharti ifundishwe upya kwa kubonyeza kitufe chake, kama kitabu cha motokaa kielezavyo. Asiyefanya hivyo huenda akaona taa yawaka ingawa matairi ni mazima.

Motokaa ya shule yetu, iliyo katika milima ya Usambara, ni ya namna ya kwanza. Iliundwa mwaka 2010, ikatumika Uingereza, kisha ikaletwa kwetu. Ilipofika, juu ya ile taa palikuwa pamebandikwa kipande cha plasta nyeusi. Tulipokibandua, taa ilikuwa ikiwaka. Tukamwuliza dereva wetu, mtu mzima aliyeijua barabara kabla yetu, naye akasema, “Mwalimu, taa hii haina neno. Tangu motokaa ije imewaka, nasi tumekwenda na kurudi salama.”

Tukamjibu, “Vema, mzee. Lakini siku tairi litakapoishiwa na upepo kweli, motokaa itatuambia kwa taa gani?”

Mzee alinyamaza kidogo, akaiangalia ile taa. Yeye ajua kuliko sisi jinsi njia ya kutoka Lushoto kushuka Mombo ilivyo: kona juu ya kona, upande mmoja mwamba na upande wa pili bonde. Ni njia hiyo tuwachukuliayo watoto waendapo michezoni, na wagonjwa wanaopelekwa hospitali. Akasema, “Kesho alfajiri, Mwalimu, kabla sijaiwasha, tuyapime yote.”

Alichagua saa hiyo kwa maarifa. Tairi lililotoka safarini lina moto, na upepo wenye moto husukuma zaidi, hata kipimo kikadanganya. Yafaa motokaa iwe imelala, au imesimama kwa muda wa saa tatu hivi. Tena kiasi cha upepo hakisomwi ubavuni mwa tairi, maana ile ni namba ya mwisho ambayo tairi lenyewe laweza kustahimili. Husomwa katika karatasi iliyobandikwa penye mlango wa dereva. Karatasi yetu yasema ratili 33 kwa kila inchi ya mraba. Tairi la mbele kushoto lilikuwa na 33, la mbele kulia 32, la nyuma kushoto 33. La nyuma kulia lilikuwa na 24 tu! Kwa macho halikuonekana kuwa na kasoro. Matairi ya siku hizi yana mbavu ngumu. Laweza kupoteza robo ya upepo wake, na mtu akalipita asitambue.

Tulilijaza, kisha tukalipaka maji ya sabuni juu, na mbavuni, na penye ukingo wa rimu, na mwisho penye valvu. Mapovu yakatoka penye valvu, madogo madogo kama ya chungu kinachoanza kuchemka. Fundi alipoifungua akaona ya kuwa kiini chake kilikuwa cha shaba tupu, hali valvu yenyewe ni ya aluminiamu. Madini hayo mawili yakikaa pamoja penye unyevu hulana. Kwa hiyo valvu za vihisi zataka kiini kilichopakwa nikeli. Kikatiwa kingine cha bei ndogo, na kwa muda wa juma zima tairi likabaki na ratili zake 33.

Lakini taa haikuzimika. Ndipo tukaitazama vizuri wakati wa kuwasha motokaa, tukaona ya kuwa kwanza yapepesa kwa dakika moja hivi, halafu yatulia ikiwaka. Hii ndiyo alama ambayo watu wengi hawaijui. Taa iwakayo moja kwa moja bila kupepesa yasema, “Tairi limepungua.” Taa inayopepesa kwanza ndipo itulie yasema, “Mimi mwenyewe ni mgonjwa, siwezi kupima.” Fundi akaleta chombo cha kuvisikiliza vihisi, akakizungusha gurudumu kwa gurudumu. Vitatu vikajibu. Kile cha mbele kushoto kilikuwa kimya, kwa kuwa beteri yake ilikuwa imekwisha.

Sasa msomaji na aone jinsi mambo yalivyofungamana. Kihisi kilichokufa kilikuwa mbele kushoto, na tairi lililovuja lilikuwa nyuma kulia. Kihisi cha nyuma kulia kilikuwa kizima, nacho kilipeleka habari yake kwa uaminifu. Lakini taa ni moja tu, nayo ilikuwa imekwisha kuwashwa na ugonjwa wa mwenzake. Ubaya mdogo uliuficha ubaya mkubwa. Taa iwakayo siku zote ni sawa na taa isiyokuwapo, tena ni mbaya zaidi, maana humzoeza mtu kudharau.

Kwa ajili ya wenzetu wenye shida kama hiyo, huu ndio utaratibu ulio bora. Kwanza, pima matairi yote alfajiri, ukikumbuka ya kuwa baridi hupunguza upepo, karibu ratili 2 kwa kila digrii 10. Ndiyo sababu katika milima taa nyingi huwaka asubuhi za Juni na Julai. Pili, usilisahau tairi la akiba, maana katika motokaa nyingine nalo lina kihisi chake, na likilegea taa itawaka ijapokuwa manne ya chini ni mazima. Tatu, tairi lililopungua lisijazwe tu na kuachwa. Lipimwe tena siku ya pili na ya tatu, na likipungua litafutiwe tundu. Nne, ikiwa matairi yote ni mazima na taa yapepesa, ndipo utafute kihisi kilichokufa. Beteri ya kihisi hudumu kwa kadiri ya miaka 5 mpaka 10, nayo imezibwa ndani; haibadilishwi, ila hununuliwa kihisi kizima. Tena angalia kiwe cha aina ya motokaa yako, maana vya Ulaya husema kwa redio ya megahezi 433, na vingi vya Marekani na Japani kwa 315, wala havisikilizani. Kikiisha kufungwa, sharti kijulishwe kwa kompyuta ya motokaa. Chetu kilipojulishwa, taa ilizimika siku ile ile.

Asiye na fedha ya kihisi asikate tamaa, ila asibandike plasta. Na anunue kipimo cha mkononi, ambacho bei yake si kubwa, akipime kila juma na kuandika. Sisi twafanya hivyo hata sasa, ingawa taa yetu ni nzima. Kwa sababu sheria ya Marekani yaitaka taa iwake upepo ukiisha kupungua kwa robo, na tairi la ratili 33 laweza kushuka hata 26 taa isiseme kitu. Daftari letu limefungwa kwa uzi penye kiti cha dereva, na kila Jumamosi mzee huandika namba tano, moja ikiwa ya tairi la akiba. Wahenga walisema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Mzee wetu hupenda kuwaambia watoto ya kuwa motokaa ina miguu minne, nayo haiwezi kulia.