Sanduku Jeupe Nyuma ya Darasa

Kama ulisoma jiografia Kenya, lile sanduku unalijua: jeupe, la mbao, miguu minne, kuta zenye mianya kama dirisha la vipande. Tulilichora kwa mtihani, tukapata maksi, tukalisahau.

Aliyenirudisha kwalo ni mama. Analima mahindi, na mwezi wa tatu lazima anipigie: "Wewe uko na intaneti, mvua inaanza lini?" Namsomea asilimia kwenye simu. Mwaka huu akaniuliza, "Asilimia ya nini?" Sikuwa na la kusema, nikaanza kutafuta.

Sanduku lilibuniwa na Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa Scotland, babake mwandishi Robert Louis Stevenson. Linaweka kipimajoto kivulini huku hewa ikipita. Uingereza mlango wake hutazama kaskazini. Kusini mwa ikweta hutazama kusini, ili jua lisipige ndani ukifungua.

Lakini ninachokipenda zaidi ni kifaa cha Campbell na Stokes: mpira wa kioo unaokusanya miale hadi inachoma mstari kwenye kadi. Wingu likifunika jua, mstari unakatika. Jioni unapima palipoungua, unapata saa za jua za siku hiyo. Hakuna betri, hakuna waya.

Sasa, vitu hivi vyote si kitu bila mtu. Kipimamvua husomwa saa tatu asubuhi, kila siku: Krismasi, siku ya uchaguzi, hata kukiwa na msiba. Redio ikisema mvua itapita "kiwango cha kawaida", hiyo kawaida ni wastani wa miaka 30. Piga hesabu: karibu asubuhi 11,000 za mtu kuinama, kusoma, kuandika. Asubuhi ikirukwa imeenda, huwezi kuipima kesho.

Siku hizi kuna mitambo inayotuma takwimu yenyewe, na ni sawa kabisa. Ila huwezi kusema hali ya hewa imebadilika kama huna ya zamani ya kulinganisha nayo. Hiyo ya zamani iko kwenye madaftari, mengine bado kwenye kabati za shule, misheni na mashamba, yameandikwa kwa kalamu na watu ambao hatuwajui majina. Mtambo mpya tunaweza kununua. Daftari likiliwa na mchwa, hakuna duka linaliuza.