Jiwe la Nzambani na alama ya kutoa iliyopotea

Nimekuwa kimya wiki tatu, na sababu ni alama moja ya kutoa niliyoifuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Dadangu mdogo anasomea shahada ya uzamili katika fizikia, na likizo hii alikuja nyumbani Kitui na tasnifu yake. Anaandika kuhusu superkondakta, yaani vitu ambavyo vikipozwa vya kutosha hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Ndani yake elektroni hutembea mbili mbili. Katika risasi, nguvu inayoshika jozi hizo ni karibu sawa kila upande. Katika YBCO, ambayo ni oksaidi ya shaba inayoanza kazi kwenye takriban kelvini 92, nguvu hiyo ina sura ya ua la petali nne, na kati ya petali na petali hushuka hadi sifuri. Kilichowasumbua wanafizikia ni hiki: je, petali zote ni chanya, au zinapokezana chanya na hasi?

Aliniomba nimsafishie programu yake ya Python. Mimi, fundi wa tovuti za maduka, nikaona namba hasi zimezagaa, nikaweka abs. Majaribio yote yakapita! Kumbe nishati ya elektroni hutumia mraba wa nguvu ile, na hasi mara hasi ni chanya. Kila grafu ilitoka vilevile. Nikajisifu.

Siku nane kabla ya kuwasilisha, sura ya mwisho ikagoma. Sura hiyo inarudia kwa hesabu jaribio la Tsuei, Kirtley na wenzao wa IBM la mwaka 1994. Walitandaza YBCO juu ya vipande vitatu vya fuwele vilivyounganishwa kwa pembe tofauti, wakachonga pete nne ndogo. Pete iliyozunguka mahali vipande vyote vitatu vinapokutana ilijitengenezea nusu ya kwanta ya sumaku. Zile tatu nyingine, sifuri. Ukiizunguka pete ile mara moja unarudi na alama iliyogeuka, na mkondo hutokea wenyewe kufidia tofauti. Programu yetu ilisema sifuri kwa zote nne.

Dadangu akaanza kuishuku nadharia yake. Usiku wa pili hakula. Alikuwa ameshaandika barua ya kumwomba msimamizi aahirishe hadi mwaka ujao, na karo ya mwaka mwingine hatuna.

Mama alikuwa pembeni akichagua ndengu, anatusikia tukibishana juu ya kuzunguka na kugeuka. "Wanangu, si hata Jiwe la Nzambani ukilizunguka mara saba unageuka?" (Kwa wageni: husemwa huku kwetu kwamba mwanamume hugeuka mwanamke, na mwanamke mwanamume.)

Dadangu akacheka, mara ya kwanza wiki ile. "Sasa kaka, pete yetu inazungukwa na hakuna anayegeuka. Nani amewazuia?"

Nikahisi baridi. Nikafungua faili, nikaitoa abs, nikaendesha programu. Nusu, sifuri, sifuri, sifuri.

Nilimwambia ukweli papo hapo. Hakunisemesha hadi chai ya asubuhi. Barua haikutumwa, na tasnifu aliiwasilisha siku ile ile iliyopangwa. Kwenye ukurasa wa shukrani aliniweka, akanitoa, kisha akanirudisha. Nilipochungulia jana, bado nilikuwemo.