Mafuta Chini ya Mashine ya Theluji

Mdogo wangu alinipigia simu saa kumi alfajiri. Kwake Sudbury, kule Kanada, ilikuwa bado saa mbili usiku, maana wakati wa baridi wako nyuma yetu kwa saa nane. Sisi wa kambini tunajua simu ya saa hiyo. Nilikaa kitandani kwanza, ndipo nikapokea, nikingoja kusikia jina la marehemu.

"Yaya, mashine iko inavuja mafuta."

"Mashine gani?"

"Ile ya theluji."

Nilicheka sana, hofu ikinitoka. Yeye hakucheka.

Aliondoka hapa Kakuma miaka minne iliyopita na mke wake. Faili yangu mimi ilibaki, na hadi leo iko pale ilipo. Tangu siku hiyo mazungumzo yetu yana njia moja: yeye anauliza tunahitaji nini, mimi namwambia. Dawa ya presha ya mama. Viatu vya shule. Bati. Hajawahi kuninyima, Mungu ambariki. Lakini mkubwa akimwomba mdogo wake kila mwezi, kila mwezi anapungua kidogo. Mwenye ndugu ng'ambo ananielewa.

Sasa alikuwa amepata kazi ya majaribio kwenye gereji moja. Alipoulizwa kama anazijua injini za tu-stroki, alijibu ndiyo. Ukweli ni kwamba alizijua kwa kunishikia tochi na spana kule Fizi, akiwa mtoto. Mteja ameleta mashine inayodondosha oili, bosi amesema huenda ni pampu, na pampu ni ghali. Amempa siku mbili atafute ugonjwa. "Nikikosea, yaya, wataona nilidanganya."

Akageuza kamera. Kwa ambao hamjaiona: ni kama pikipiki isiyo na magurudumu. Mbele ina skii mbili za kuteleza, nyuma ina mkanda mpana wa mpira kama mnyororo wa katapila. Nilidhani ni mchezo wa matajiri, mdogo wangu akanisahihisha. Kule Quebec alikuwepo fundi anaitwa Joseph-Armand Bombardier. Mwaka 1934 mtoto wake mdogo alikufa kwa sababu theluji ilikuwa imefunga barabara, na gari la theluji alilokuwa akiliunda lilikuwa halijakamilika, wakashindwa kumfikisha hospitali. Aliendelea kuunda, na mwaka 1959 kampuni yake ikaanza kuuza Ski-Doo, mashine ndogo ya mtu mmoja au wawili. Nikanyamaza. Habari ya mtoto asiyefika hospitali kwa ajili ya barabara haihitaji mkalimani hapa.

Alipofungua kifuniko nikaona tangi dogo la oili, mpira mweusi unaoshuka kutoka kwenye tangi, na pampu ndogo ubavuni mwa injini. Nikajikuta nimesimama. Nilikuwa naitazama AG100.

Wafanyakazi wa mashirika wenye umri wangu wanaikumbuka pikipiki hiyo ya Yamaha. Mapadri waliipanda, manesi waliipanda. Ni tu-stroki, yaani oili yake haikai chini ya injini ikizunguka. Inaingia na petroli na kuungua humo humo. Huhitaji kuchanganya kwa chupa. Oili ina tangi lake, na pampu inaipima kidogo kidogo kadiri unavyovuta mafuta. Mashine ile ya theluji ilifanya kazi hivyo hivyo. Huku digrii 37, kule digrii 25 chini ya sifuri, na ndani ni ndugu wawili.

Nikamwambia aache pampu. Kwanza ajibu maswali matatu: rangi gani, harufu gani, inadondoka ikiwa imezimwa au ikiwa inanguruma?

Maana mashine ile ina vimiminika vingi. Kuna oili ya injini. Kuna oili nzito ndani ya sanduku la cheni, upande wa kulia, inayonuka kama ya giaboksi. Kuna maji ya kupoza injini, na kuna mafuta ya breki. Fundi asiyeuliza ni kipi kinavuja atafungua kila kitu na kuleta mvujo wa pili.

Akaweka kipande cha katoni chini ya mashine, akaenda kulala. Mimi sikulala tena. Jioni yangu, asubuhi yake, ikaja picha: doa la buluu, pana kama kiganja. Oili ya injini waliyoweka mle ilikuwa na rangi ya buluu. Basi sanduku la cheni halimo, breki haimo. Na ilidondoka usiku kucha injini ikiwa imezimwa. Tangi liko juu ya pampu. Oili inashuka kwa uzito wake wenyewe. Kwa hiyo tutafute kati ya tangi na pampu kabla ya kununua chochote.

"Lakini pampu yote imelowa," akasema.

Hapo ndipo vijana wangu wa gereji hukosea kila siku. Mafuta hayadondoki pale yanapotokea. Yanateremka kwenye chuma, yanafuata boliti, yanapeperushwa na upepo, halafu yanadondokea sehemu ya chini kabisa, na sehemu hiyo ndiyo inayolaumiwa. Pampu imelowa kwa sababu iko chini. Tafuta palipolowa juu kuliko pengine pote.

Nikamwambia asafishe kila kitu, akaushe kwa kitambaa, kisha apake poda. Alichukua poda ya mtoto wake, akapuliza juu ya mpira na pampu mpaka vikawa kama sura ya bibi harusi. Akasubiri nusu saa. Poda haidanganyi: ilibaki nyeupe kote, isipokuwa mstari mmoja mwembamba wa buluu, ulioanzia kwenye mpira, karibu na klipu inayoubana juu ya pampu. Alipoukunja mpira kwa kidole, ufa ukafunguka kama mdomo. Alipouachia, ukafunga. Baridi na miaka vilikuwa vimeukausha ukawa mgumu kama plastiki. Pampu haikuwa na kosa lolote.

Alifurahi sana. "Nakata kipande kilichopasuka, narudisha mpira, nimemaliza!"

Nikasema hapana. Mpira uliokakamaa ukiukata leo, utapasuka mbele kidogo kesho. Weka mpira mpya, ule wa kuvumilia oili na petroli, siyo wa maji, na klipu mpya pande zote mbili. Halafu nikamwambia neno ambalo sijawahi kumwambia mtu kambini, na leo naliandika.

Kule Fizi niliwahi kubadilisha mpira kama huo kwenye AG100 ya kituo kimoja cha afya. Nilifunga vizuri, nikajaza tangi, nikapangusa, nikapokea pesa. Sikutoa hewa. Ukivua ule mpira, hewa inaingia, na pampu ikikuta hewa haisukumi oili, inasukuma ile hewa. Tangi limejaa, hakuna tone chini, kila mtu anasema fundi mzuri, na ndani injini inasaga kavu. Nesi aliondoka na sanduku la chanjo. Mlimani pistoni ikashika ndani ya silinda, gurudumu la nyuma likajifunga, akaanguka. Alivunjika mkono, na chanjo ikakaa juani. Nilisema ni petroli mbaya. Wakaniamini. Mdogo wangu alikuwepo, ameshika tochi, na aliniamini pia.

Kwenye simu kulikuwa kimya hadi nikadhani bando limeisha.

"Kumbe," akasema mwishoni.

"Ndiyo. Sasa tafuta kiskrubu kidogo kwenye pampu."

Akakipata. Akakilegeza, oili ikaanza kutoka na mapovu. Nikamwambia asikifunge, aache itiririke kwenye kikopo mpaka itoke bila povu hata moja. Ndipo akafunga. Kisha, kwa usalama, kwenye petroli ya safari ya kwanza achanganye oili kwa mkono, mililita 20 kwa kila lita, ili injini iwe na chakula hata kama kuna hewa imebaki ndani ya mipira mingine. Atie alama kwenye tangi la oili, aendeshe, aangalie kama usawa unashuka. Ukishuka na chini pakavu, ujue pampu inakunywa. Usiposhuka, zima mara moja.

Siku iliyofuata alituma picha moja bila maneno. Ilikuwa katoni. Tupu, kavu, haina kitu. Nyingine ikafuata: alama ya kalamu kwenye tangi, na oili iko chini yake kwa upana wa kidole. Niliwaonyesha vijana pale gereji chini ya mti, wakauliza, "Mzee, mbona unatuonyesha katoni?" Nikawaeleza yote tangu mwanzo, pamoja na habari ya nesi. Mmoja aliacha spana yake chini na kurudi kwenye pikipiki aliyokuwa amekwisha kuifunga.

Jioni mdogo wangu aliandika kama kawaida: "Yaya, mnahitaji nini?"

Tulihitaji. Unga ulikuwa unaisha. Lakini niliandika, "Leo hakuna. Bosi alisema nini?" Akajibu kwamba bosi alimuuliza nani alimfundisha kutoa hewa, maana wengi husahau. Akamwambia ni kaka yake, yuko Kenya.

Wiki iliyofuata niliomba pesa ya dawa ya mama, akatuma. Mambo yamerudi yalivyokuwa. Ila sasa, akikwama, ananipigia saa kumi alfajiri, nami nikisikia simu sitafuti tena jina la marehemu. Nauliza rangi gani, harufu gani, na inadondoka ikiwa imezimwa au ikiwa inanguruma.